BasicsCard ya Australia: kadi isiyotoa kashi, tuliyoipima kwa macho ya Goma

Kila unga na mafuta ya msaada yakionekana yanauzwa sokoni hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kuna mtu wa mradi anayerudi na wazo lile lile: tuache jetoni za kuchukulia msaada, tuache kutuma pesa kwa simu, tutoe kadi inayokubali chakula na kukataa pombe. Kadi ya namna hiyo si ndoto. Inaitwa BasicsCard, na ilianza kutumika Northern Territory, Australia, Septemba 2008. Tunaipima hapa kama bidhaa, kwa kuwa ndivyo wanaoisifu wanavyoileta, ila mtu hawezi kuielewa bila operesheni iliyoizaa.

Juni 2007 waziri mkuu John Howard na waziri wake Mal Brough walitangaza hali ya dharura katika vijiji vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, vya eneo hilo. Walitaja ripoti ya Rex Wild na Pat Anderson kuhusu watoto wanaodhulumiwa kingono. Wanajeshi wakatumwa kusaidia usafirishaji na maandalizi. Vijiji 73 vikawekwa chini ya amri, pombe na picha za ngono zikapigwa marufuku, na serikali ikajitwalia vingi vya vijiji hivyo kwa mkataba wa lazima wa miaka 5. Ili yote hayo yapite, Sheria ya 1975 ya kukataza ubaguzi wa rangi ilisimamishwa. Ripoti yenyewe ilikuwa na mapendekezo 97. La kwanza lilidai wenyeji washauriwe kwa dhati. Kufunga nusu ya posho za serikali za kijiji kizima, hatua iliyozaa kadi, hakukuwa kati ya hayo 97.

Sasa kadi. Centrelink, ofisi ya posho, hulipa kila baada ya wiki mbili. Nusu inaingia benki kama kawaida. Nusu nyingine, pamoja na malipo ya mkupuo kama posho ya kuzaa (hiyo ilifungwa yote), inabaki mikononi mwa ofisi. Mpokeaji anaongea na karani, ana kwa ana au kwa simu, wanagawa: kodi ya nyumba, umeme, chakula cha watoto shuleni. Kinachobaki kinapakiwa kwenye kadi ya kijani yenye nambari ya siri. Dukani inapitishwa kwenye mashine ile ile ya kadi za benki. Haina ada, haikopeshi, haitoi hata senti ya kashi. Mkaaji wa Goma, aliyezoea kukatwa kila anapotoa pesa za simu kabini, ataona hilo la ada si dogo, na tunakubali.

Lakini tazama jambo ambalo wafadhili wengi hulipita haraka: kadi hii haioni bidhaa, inaona duka. Duka limesaini mkataba na serikali au halikusaini, basi. Kukataa bia, sigara na kamari ni kazi ya mtu wa kaunta. Soda yenye sukari inapita bila swali. Godoro la mitumba kwa jirani halipiti. Mchango wa mafuta kwa ndugu mwenye gari anayekupeleka mjini haupiti. Ilete hapa kwetu na uhesabu: sambaza, samaki wadogo wa soko la Kituku, sombe (majani ya muhogo) ya mama aliyetandaza kando ya barabara, makala, motari wa pikipiki, tshukudu, baiskeli ya mbao, la kubeba maji. Vyote nje. Anayebaki ndani ni mwenye duka la saruji lenye mashine na umeme. Mliyetaka kumfunga ni mnywaji, mkamfunga muuza sombe.

Kasoro ya pili iko kaunta. Salio halionekani kwenye kadi. Lazima upige simu ya bure, utafute mashine ya kuulizia au uingie mtandaoni. Mteja anapanga unga, maziwa ya mtoto, nepi na betri, mashine inakataa kwa sababu salio halitoshi. Anatoa betri, inapitishwa tena. Anatoa nepi. Foleni nyuma yake inatazama, na kila mtu anajua kadi ya kijani maana yake nini. Umeme au laini ikikatika katika kijiji chenye duka moja, kadi inabaki plastiki tu, wakati mwenye kashi ananunua na kwenda zake. Halafu kuna kuvuja: kadi inaazimwa pamoja na nambari yake ya siri, au inanunuliwa kichinichini kwa kashi pungufu. Anayetaka kunywa anapata njia, na hasara ya kubadilisha inakatwa kwenye chakula kile kile.

Je, watu walikula vizuri zaidi? Utafiti wa Julie Brimblecombe na wenzake, uliotoka 2010, ulifuata mauzo ya maduka 10 ya vijijini kabla na baada ya pesa kufungwa. Mauzo ya matunda, mboga na sigara hayakuonyesha faida yoyote iliyotokana na mpango. Tathmini kubwa ya 2014 nayo haikupata ushahidi wa maana kwamba malengo yalifikiwa. Zito kuliko yote ni hesabu ya Doyle, Schurer na Silburn. Walilinganisha vijiji kwa jinsi mpango ulivyovifikia kwa zamu, wakakuta watoto waliokuwa tumboni wakati huo walizaliwa na uzito pungufu kwa wastani wa gramu 85. Maelezo yanayoingia akilini ni ya kiutendaji. Mpango ulianza kwenda vijijini 2007, mwaka mzima kabla ya kadi kuwapo. Pesa zilifungiwa kwenye duka moja la kijiji au kuponi za maduka makubwa, na mtu akisafiri kwenda mji wa Alice Springs, chakula chake kinabaki nyumbani. Amri ilitangulia, mashine ikafuata. Hapa Goma tunaujua mpangilio huo.

Wenyeji wenyewe hawakuwa na sauti moja. Bess Nungarrayi Price aliitetea operesheni. Rosalie Kunoth-Monks wa Utopia aliipinga hadharani. Wapo wanawake waliosema kadi inawakinga na ndugu wanaokuja kuomba kila siku ya malipo, na kinga hiyo si maneno matupu. James Anaya wa Umoja wa Mataifa alifika 2009 akasema hatua hizo zinabagua. Kuanzia 2010 mpango ulipanuliwa hata kwa wasio Waaborijini wa Northern Territory, na kujiunga kwa hiari kukawekwa. Machi 2023 ilikuja SmartCard, inayoweza kununua hata mtandaoni: plastiki bora, nusu ile ile.

Kitu kimoja kwenye kifurushi cha operesheni ile tungekiiga bila kusita: leseni za maduka. Duka la kijiji lilikaguliwa kama lina chakula freshi cha kutosha na kama linaendeshwa sawasawa. Hilo linambana muuzaji, halimgusi mnunuzi.

Alama zetu, juu ya 5: kwa aliyeiomba mwenyewe, tatu na nusu. Kwa aliyelazimishwa, moja, tena kwa sababu ya kukosa ada.

Kamati inayoitaka bado, ifanye zoezi la asubuhi moja: ipite soko la Alanine kutoka mwanzo hadi mwisho, ihesabu meza zenye mashine ya kadi, kisha ihesabu zisizo nayo. Iandike nambari zote mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi.