Nililipa laki tatu vitundu vya ngozi ya pua vifungwe, nikatoka na doa shavuni

Jina la hiyo kliniki ya urembo sitalitaja. Wenyewe wakisoma watajijua, na yule dada wa koti jeupe atajijua zaidi. Iko Dar, kwenye mtaa ambao siku hizi kila nyumba ya pili imegeuzwa sehemu ya kucha, kope au ngozi. Kiyoyozi kipo, maua ya plastiki yapo, maji yenye vipande vya tango yapo. Nilichokosa ni adabu.

Mimi si mgeni wa mambo ya uso. Mwanaume yeyote anayenyoa mjini anajua: kichwa kikiisha unaulizwa "bosi, skrabu?", kiti kinalazwa, unasuguliwa, unapigwa mvuke, unakandwa mabega, unatoa buku tano au kumi, unaondoka unang'aa mpaka jioni. Nimefanya hivyo miaka na miaka. Ila pua yangu ni ya mafuta, na vitundu vyake vinaonekana hata kwenye picha ya kitambulisho. Kazi yangu ni ya dirishani, kutwa natazamana na wateja, na kuna mama mmoja mtu wa heshima zake aliwahi kuniuliza kwa huruma kabisa kama niliugua tetekuwanga. Nikasema sasa basi, niende kwa wataalamu.

Mapokezi walinipokea vizuri, siwasingizii. "Karibu kaka, hivyo vitundu tunavifunga kabisa." Kifurushi ni laki tatu, vipindi kadhaa, unalipa yote mwanzo. Lipa namba nilionyeshwa kabla sijakaa sawasawa.

Tuje kwenye chumba chenyewe, maana hapo ndipo roho yangu ilipobaki.

Nikalazwa, nikafutwa mafuta usoni, nikawekewa pamba mbili mbichi juu ya macho. Kabla ya pamba nilikuwa nimeshaona kitoroli: brashi ndogo, feni ya mkononi, na bakuli la maji meupe. Nikauliza la nini. Akasema ni maji ya magadi soda, ya kuzima asidi. Asidi yenyewe nisiiogope, "ni ya asili kaka, inatoka kwenye miwa."

Hiyo ni asidi ya glaikoliki. Ni kweli kwenye miwa ipo, ila kidogo sana. Ya kliniki inapakwa ikiwa na nguvu ya asilimia 20, nyingine mpaka 70, inakaa usoni dakika chache, halafu lazima izimwe. Haijizimi. Asidi ya salisiliki, ambayo nayo hutumika kwa ngozi za mafuta, ikishapakwa inageuka chengachenga nyeupe na makali yanapungua yenyewe. Hii ya miwa inaendelea kula mpaka uimwagie magadi au maji tele. Mimi hayo nimeyajua baadaye, kwa uchungu. Yeye alipaswa kuyajua kabla hajashika brashi.

Akapaka paji la uso, pua, mashavu. Ikaanza kuwasha. "Vumilia kidogo." Simu yake ikaita. Akapokea, akatoka.

Nilichosikia nyuma ya pazia nimekishika neno kwa neno. "Mimi elfu hamsini yangu ya kitenge nilishatoa. Hiyo ya keki inatokea wapi? Hapana, mwambie mwenyekiti mimi kwenye keki simo." Kitchen party ya mtu. Kamati inagombana. Na mimi huku shavu la kushoto limeshatoka kwenye kuwasha, limeingia kwenye kuungua. Nikaita "dada" kwa ustaarabu. Nikaita tena, ustaarabu umepungua. Bakuli la magadi liko hatua mbili kutoka nilipolala, lakini macho yamefunikwa na nilishaonywa nisiyafumbue, asidi isije ikaingia. Hebu nawe fikiria. Mtu anaungua, dawa ya kuuzima huo moto iko chumba hichohicho, na mwenye kazi anabishania keki.

Aliyeniokoa ni kijana wa mafunzo, sidhani hata kama analipwa. Aliingia kuchukua taulo, akasema "mama yangu!", akaanza kunimwagia magadi bila kumsubiri mtu. Alikuwa anatetemeka mikono, maji mengine yakaniingia mpaka ndani ya shati, na sijawahi kufurahia kulowana namna ile. Dada akarudi. Mnajua alianzaje? Kwa kumgombeza kijana: "Nani amekuambia umuoshe?" Kisha akanigeukia, simu bado mkononi: "Kaka, mwanaume mzima unapiga kelele kwa asidi ya miwa? Wadada wanakaa nayo kimya."

Pole hakusema. Mpaka leo hajasema. Ningeambiwa tu "kaka nisamehe, nilipata dharura," huu mwandiko wote msingeuona. Mtu akishaungua anaweza kusamehe. Kuungua halafu akasimangwa uanaume wake, hapana.

Na hawakuishia hapo. Uso umewaka, naangaliwa mapokezi na wateja waliokaa, binti ananiuzia kichupa cha seramu ya "kuziba vitundu" elfu sitini. Kichupa kisicho na jina la kiwanda wala orodha ya kilichomo. Nilikikataa. Kitu kimoja ambacho hawakuniuzia, wala kunitajia, ni mafuta ya kukinga jua. Nimetoka na ngozi iliyovuliwa tabaka la juu, saa saba mchana, Dar es Salaam, nikapanda bodaboda. Hii ni nchi ambayo pale hospitali ya KCMC, Moshi, walianza kutengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, hapahapa nyumbani. Halafu mtu anayeuza tiba ya uso kwa laki tatu hana hata chupa moja ya kunionyesha kwa mbali.

Sasa nifike mahali ninapojichanganya mwenyewe. Ngozi ilipomaliza kubanduka, pua ilikuwa safi. Nasema kweli tupu. Vile vidoa vya kijivu vilikuwa vimetoka, paji la uso laini, vitundu ukivitafuta unaviona lakini havikukimbilii. Mke wangu, ambaye hasifiagi ovyo, alinishika pua akasema "ee, hapa wamefanya kazi." Kwa muda nikawaza labda nina kisirani tu. Nikaanza hata kumtetea yule dada kichwani: michango inachosha, kila mtu ana shida zake.

Halafu shavu la kushoto likaanza kuiva. Kwanza wekundu wa kuungua, kisha kahawia, kisha doa jeusi la ukubwa wa sarafu, palepale moto ulipoanzia. Nikarudisha hasira yangu yote, na riba.

Nilienda kwa daktari wa ngozi hospitalini, mama mtu mzima, anaongea taratibu. Akaniuliza walinieleza watafanya nini. Nikamwambia walisema watavifunga vitundu. Akacheka kidogo. "Mwanangu, kitundu cha ngozi hakina mlango." Akaeleza kwamba havina msuli wa kuvifungua wala kuvifunga, mvuke unalainisha tu kilichomo, na maji baridi hayafungi kitu. Ukubwa unatokana na ulivyozaliwa, na mafuta yanayotoka, na umri na jua vinavyolegeza ngozi ya pembeni yake. Hata vile vidoa vya kijivu walivyojisifu kuvitoa, vingi si uchafu. Ni mafuta na chembe za ngozi zinazokaa humo kwa kawaida, ukivikamua vinajaa tena baada ya wiki chache. Kwa hiyo ile pua safi aliyoisifia mke wangu ilikuwa ya mkopo.

Kuhusu doa, alisema ngozi nyeusi ikiumizwa, iwe kwa asidi, kwa kukamuliwa au kwa mashine ya mwanga yenye nguvu isiyoifaa, inajibu kwa kumwaga rangi. Asidi zenyewe hakuzilaani, na hilo nililisikiliza kwa makini maana nilikuwa nimejiandaa kumsikia akizilaani. Alisema kwa weusi huanzwa na nguvu ndogo, mtu anasimama pembeni yako na saa mkononi, ngozi huandaliwa kabla, na jua hukingwa baada. Vijisindano vya kutoboatoboa ngozi navyo, kwa mtu mwenye mkono safi na sindano mpya, vina hatari ndogo ya doa kuliko mashine nyingi za mwanga, kwa sababu havitafuti rangi ya ngozi. Nilipomtajia ile seramu isiyo na lebo alikunja uso: zebaki na hidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na chupa isiyo na maandishi ndiko zinakojificha.

Akaniandikia adapalini ya kupaka usiku, kidogo sana, asidi ya azelaiki kwa ajili ya doa, na mafuta ya kukinga jua kila asubuhi, hata mawingu yakitanda. Akanionya nisitegemee cha maana kabla ya miezi mitatu, na mwanzoni ngozi itakauka. Ilikauka kweli, nikawa nabanduka pembeni ya pua kikao kizima cha kazini. Skrabu ya kwa kinyozi pia akaipiga marufuku, na hiyo iliniuma maana yule kinyozi hajawahi kunikosea. Gharama yote haikufika hata nusu ya kile kifurushi.

Vitundu bado vipo. Vimepungua kuonekana, mafuta yamepungua, doa limefifia lakini kwenye mwanga wa dirishani bado unaliona. Mtu akiniuliza kama tiba ya asidi inafanya kazi, nitamjibu inafanya, nenda, ila kwa daktari. Akiniuliza kuhusu kliniki ile, nilitaka kuandika kwamba tiba ni nzuri ila mhudumu ndiye mbaya. Nikiandika hivyo nakumbuka keki. Mtu aliyewekwa pale na koti jeupe ndiye tiba yenyewe. Hakuna kliniki nyingine nyuma yake.

Nimedai hela ya vipindi vilivyobaki. Meneja alinipigia kwa sauti tamu kweli: "Kaka, hela ikishaingia huwa hairudi, ila hivyo vipindi unaweza ukampa hata shemeji." Mke wangu! Nimpeleke mwenyewe, kwa miguu yangu, akalazwe kwenye kitanda kilekile! Nikamwambia nataka fedha. Akasema nigeuze risiti nyuma, imeandikwa. Kweli imeandikwa, kwa herufi ambazo hata miwani haisaidii.

Barua ya malalamiko kwa Tume ya Ushindani nimeshaiandika, na picha za shavu nimeambatanisha. Kijana wa mafunzo sijamgusa humo. Kama ameacha kazi pale na yuko mahali pengine anajifunza kwa mtu mwenye akili, nitamfuata.