Vikaratasi ukutani: uzoefu wangu na mbinu ya KJ ofisini

Ofisi yetu ndogo ya Sinza inasambaza madumu ya maji ya kunywa. Malalamiko ya wateja yalikuwa yametapakaa: mengine kwenye WhatsApp ya dada wa mapokezi, mengine kwenye daftari la stoo, mengine vichwani mwa madereva. Kikao cha Jumatatu kilikuwa kinaisha vilevile kila wiki, kwa kuwasema madereva.

Januari nikaomba tujaribu mbinu ya KJ. Herufi hizo ni za Kawakita Jiro, mwanaanthropolojia wa Japani aliyeibuni ili kupanga lundo la taarifa alizokuwa akitoka nazo utafitini. Jambo moja, kikaratasi kimoja, unabandika ukutani. Kisha wote mnavisogeza vinavyoendana vikae pamoja, na majina ya makundi yanaandikwa mwisho kabisa. Bosi alishaandika "Madereva", "Stoo" na "Mapokezi" kabla hatujaanza. Nikamwomba kwa adabu avibandue.

Sharti la pili ndilo lililotutoa jasho: wakati wa kusogeza, hakuna kuongea. Waswahili, dakika 20 kimya! Ila hapo ndipo nilipoipenda. Dereva wetu mdogo kuliko wote alikihamisha kikaratasi cha bosi, "gari lachelewa Mbezi", akakiweka jirani na "namba ya mteja haipatikani" na "nyumba haina alama". Hakuna aliyemkatiza. Wengine wakaongezea vyao, tukajikuta na kundi kubwa kuliko yote, tukaliita "Maelekezo ya kufika". Kumbe shida ilikuwa inaanzia kwenye simu ya oda. Siku hizi gari halitoki mpaka mteja atume lokesheni.

Kimoja kilichosema "maji yananuka plastiki" hakikupata ndugu. Tulikiacha peke yake, usilazimishe kukiingiza popote. Stoo walikifuatilia siku ileile.

Sasa kero. Vikaratasi vya gundi na joto la Dar havipatani: ukiwasha pangaboi vinapeperuka, ukilizima mnalowa. Mara ya pili nilinunua manila Kariakoo, nikaikata vipande na kubandika kwa seloteji. Pia msizidi watu saba au wanane, maana pale ukutani mnasukumana kama mnagombea mwendokasi Kimara.

Na piga picha ukuta kabla hujaondoka. Mara ya kwanza sikupiga, asubuhi nikaikuta kazi yetu yote kwenye ndoo ya taka, dada wa usafi ananiambia, "Kaka, nimekusafishia ukuta."