TAHADHARI kwa wenye saluni Tabora: mashine ya waksi inayoandika nyuzi 50 wakati ndani ni 78

Dada zangu wenye saluni hapa Tabora mjini, na nyie wa Nzega, Urambo, Sikonge, Kaliua na Igunga, naomba msome haya kabla hamjatuma hela kwa mtu anayeuza kwa picha mashine za waksi, zile za kuyeyushia waksi ya kung'olea nywele mwilini. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa urembo. Anasema duka lake liko Kariakoo, anauza "mashine ya kitaalamu, digitali, ujazo wa lita moja" kwa shilingi 165,000, nauli ya mzigo juu yako. Mimi ameshanipiga. Hela imeniuma, ila kilichoninyima usingizi ni mguu wa mteja wangu.

Jina la hilo duka silitaji hapa, nimelipeleka kunakohusika. Watu wa namna hii leo wana jina hili, kesho wana lingine na laini mpya. Ninachotaka mkijue ni ile mashine yenyewe, maana itarudi tu kwa jina jingine.

Nilikuwa na mashine ndogo ya rola, ya kopo la mililita 100, ikinitosha kwa mikono na makwapa. Msimu wa harusi ulipokaribia nikataka bakuli kubwa la waksi ngumu, ile ya punje, niweze kuhudumia bi harusi na wasimamizi wake bila kusubirisha watu. Picha alizonitumia zilivutia: kioo cha namba, vitufe vya kuongeza na kupunguza, bakuli la ndani linalotoka. Nikamuuliza kama inashika joto. Akanijibu kwa sauti, "Dada, ukiweka 50 inakaa 50 mpaka jioni." Nikatuma hela kwenye namba yenye jina la mtu binafsi. Mzigo ukafika kwa basi siku ya tatu. Risiti hakuna, kitabu cha maelekezo hakuna.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja ambaye nimemhudumia miaka mingi. Nikaweka punje, nikabonyeza 50, nikasubiri kama dakika 35. Nikajipima kwenye kifundo cha mkono kama nilivyofundishwa, nikaona vuguvugu, haina shida. Mstari wa kwanza kwenye muundi ukaenda vizuri. Wa pili nikazamisha kijiti mpaka chini ili nichote ya kutosha. Nilipoipaka tu, mama akavuta mguu na kupiga kelele. Waksi ilikuwa inametameta, imekuwa nyepesi kama mafuta ya kukaangia, na imeshashika.

Sikuivuta, na hapo namshukuru Mungu. Nilimpeleka bafuni nikamwagia maji ya bomba ya kawaida kwa dakika 20 nzima, waksi ikapoa na kuganda, kisha nikailainisha kwa mafuta taratibu ikatoka yenyewe. Ukivuta ikiwa ya moto unaondoka na ngozi. Msipake dawa ya meno, wala asali, hata kama ndiyo tumekulia hapa kwenye mkoa wa asali. Maji tu, na muda. Malengelenge mawili yalijitokeza palepale, nikampeleka hospitali na kulipia matibabu yote. Amepona, lakini alama nyeusi ya urefu wa kidole bado ipo, na kila akija naiona.

Nilipompigia muuzaji akasema waksi yangu ndiyo mbovu. Kesho yake akasema umeme wa Tabora unapanda na kushuka. Siku ya tatu akanibloku.

Shemeji yangu anashughulika na asali na nta huko Sikonge, na ana kipimajoto kirefu anachotumia wakati wa kuchuja. Alikuja nacho. Kwanza tukakipima chenyewe, tusije tukamsingizia mtu: kwenye maji yenye barafu nyingi kikasoma karibu na 0, na kwenye maji yanayochemka kikasoma 96. Hiyo 96 ndiyo sahihi kwa hapa kwetu, kwa sababu Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji huku huchemka kabla ya kufika 100. Kisha tukawasha mashine, kioo kikiwa kwenye 50. Baada ya nusu saa waksi ya juu ilisoma 54. Tukashusha ncha karibu na chini ya bakuli: 78. Zote hizo kwenye bakuli moja na kwa wakati mmoja, huku kioo kinang'ang'ania 50.

Ndipo nikaelewa kwa nini nilipojipima sikuungua. Koili, ule waya unaotoa joto, iko chini ya bakuli, waksi ni nzito haijichanganyi yenyewe kama maji, na ya juu inapoa kwa hewa. Kwa hiyo hata ukiwa na mashine nzuri, koroga mpaka chini kabla ya kujipima, na jipime tena kila unaporudi kwenye bakuli. Hilo kosa la kutokoroga ni langu na nimemwambia yule mama hivyo. Lakini kwenye mashine iliyotulia kwenye 50, ya chini isingefika 78.

Shemeji akanionyesha jaribio lingine, na hili ndilo nataka kila mtu wa Tabora alifanye, maana nta hatukosi. Nta halisi ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64. Chini ya hapo inalainika tu, haiwi maji. Basi chukua kipande cha nta ukubwa wa kidole gumba, kiweke kwenye bakuli safi na kavu, weka mashine kwenye 50, subiri nusu saa. Mashine ya kweli itakiacha kipande na umbo lake. Yangu ilikigeuza maji ya njano kabla nusu saa haijaisha, kioo kinaendelea kusema 50. Hakikisha tu nta ni safi kutoka kwa mfugaji unayemfahamu, kwa sababu wapo wanaochanganya na mafuta ya mishumaa, na hayo mengine huyeyuka mapema zaidi.

Kitu kingine tulichokiona ni taa. Mashine yenye thamostati hukata umeme joto likifika, ikipoa inawasha tena, hivyo taa yake ndogo huwaka na kuzima siku nzima. Yangu taa haikuzima hata mara moja. Tena nilipoiwasha asubuhi, bakuli likiwa baridi kama jiwe, nikabonyeza 50 na kioo kikaandika 50 papo hapo. Zipo mashine nzuri ambazo kioo huonyesha joto ulilochagua, hilo si kosa. Kosa ni kwamba ndani ya hii hakuna kinachopima. Fundi aliifungua nikiwa nimesimama pembeni yake: koili, waya mbili, na kibao cha kioo ambacho hakina sensa yoyote ya kupima joto iliyogusa bakuli. Zile namba zilikuwa pambo.

Nilipoanza kusimulia, dada mmoja wa Nzega akaniambia naye kanunua kwa mtu huyohuyo. Yake ilitoa harufu ya plastiki kuungua siku ya kwanza. Nikamwambia angalia chini. Palikuwa na stika ya "220V" imebandikwa, na alipoibandua kwa ukucha akakuta maandishi ya kiwandani: 110V. Huo ni umeme wa Marekani. Wa kwetu ni 230. Koili ya 110 ukiichomeka kwenye 230 inavuta nguvu zaidi ya mara nne ya iliyotengenezewa. Hapo mashine yenyewe inaweza kuwasha saluni moto, achilia mbali waksi. Naomba usiku huu mgeuze mashine zenu mkaangalie chini, na stika ikiwa imekaa juu ya maandishi mengine, ibandueni.

Kuhusu nyuzi zenyewe, kila waksi ina zake na kopo ndilo linaongoza. Kwa kawaida ngumu huyeyushwa juu kidogo, kwenye 65 hadi 70, halafu inashushwa na kuachwa itulie kwenye hamsini na kitu ndipo unafanyia kazi. Ya vitambaa, ile laini inayovutwa kwa kitambaa, huwa chini ya hapo. Wengi wetu tunakosea kwenye kushusha: mteja amekaa, tunaharakisha, tunaipaka kwenye joto la kuyeyushia. Kumbukeni kwamba maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde kama 5, wakati ya 50 huchukua dakika kadhaa. Nyuzi 10 tu, na maji yenyewe yanatiririka yakaondoka. Waksi inang'ang'ania palepale. Ukiinua kijiti, iliyo tayari hushuka kama asali iliyokaa kivulini, inakunjana kidogo inapotua. Ikishuka kama chai, iache.

Na mteja muulizeni kabla hamjachota. Anayepaka mkorogo ngozi yake imekonda, itaungua au kuchubuka kwa joto ambalo jirani yake halioni kitu. Anayetumia dawa za chunusi za jamii ya tretinoini, au anayemeza isotretinoini, msimfanyie waksi, na huyo anayemeza asubiri miezi 6 baada ya kuacha. Mwenye kisukari aanze kwa daktari wake. Najua swali la mkorogo linaudhi watu. Mimi namuuliza mteja pembeni kwa sauti ya chini, na wengi wananijibu ukweli.

Mkitaka kununua, mwambieni muuzaji apige video: mashine imewashwa, kipimajoto kimezama ndani mpaka chini, kioo kinaonekana, na isiwe ya sekunde 10, iwe ya nusu saa au arudie baada ya nusu saa. Wangu nilipomwomba video alinitumia ya mtu mwingine yenye maandishi ya Kichina, na mimi nikanyamaza kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Ombeni risiti ya EFD. Anayekwambia "risiti inaongeza bei" anakwambia pia kwamba siku ya tatizo hamjuani. Lipeni kwa lipa namba yenye jina la biashara, na kama mna mtu Dar, mtumeni akaliguse duka. Mimi nilimtuma mdogo wangu baada ya kupigwa. Ghorofa aliyoielekeza ipo, duka halipo na majirani hawajawahi kulisikia.

Mashine ya bakuli la mililita 500 yenye thamostati ya kuzungusha, isiyo na kioo chochote, ni bora mara kumi kuliko hii ya namba za uongo. Bakuli litoke ili mlisafishe, waya uwe mnene usiopata moto, plagi iwe ya miguu mitatu inayokaa kwenye soketi zetu bila kulazimishwa.

Mliokwisha kupigwa, tumeni ile namba ya simu kwenda 15040, hiyo ndiyo ya kuripoti namba za matapeli, kisha mfungue taarifa polisi na picha za mazungumzo mkiwa nazo. Msizifute kwa hasira kama nilivyotaka kufanya. Bidhaa yenyewe ni ya Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango, TBS. Mimi nimepeleka mashine, ile stika ya dada wa Nzega na risiti ya basi.

Kipimajoto cha shemeji bado kiko saluni kwangu, na nta ninayo. Jumatatu huwa sina wateja wengi asubuhi, kwa hiyo yeyote wa Tabora mwenye mashine asiyoiamini ailete, tutaipima bila malipo. Njoo nayo ikiwa na waksi yako mwenyewe ndani, ile unayotumia kila siku, na uwe na nusu saa ya kukaa.