Tochi Mbili za Lumeni 1,000: Tuangalie Bakuli Lililo Ndani ya Kichwa

Karibuni tena, watazamaji wangu. Hapa mezani nina tochi mbili. Boksi zote mbili zimeandikwa lumeni 1,000, yaani jumla ya mwanga unaotoka, na LED zao ni za aina moja. Sasa angalieni ukutani. Hii ndogo imetandaza mwanga ukuta karibu wote. Hii yenye kichwa kikubwa imepiga doa dogo, kali, linaloumiza macho. Lumeni zilezile! Kwa hiyo hiyo namba tuiweke kando kwanza, tutazame ndani ya kichwa.

Nasogeza kamera. Mnaliona hili bakuli linalong'aa kama kioo? Hiki ndicho kiakisi. Umbo lake ni la parabola: mwanga ukitoka kwenye fokasi, pale LED inapokaa, ukagonga ukuta wa bakuli, unatoka mbele kwa miali iliyonyooka, sambamba. Ila LED si nukta. Ina upana wa milimita chache, na upana huo ndio unaofanya miali ianze kutawanyika. Bakuli likiwa kubwa, LED inakuwa kama punje mbele yake, na mwanga unabanana zaidi.

Nimepima midomo yao kwa rula. Ndogo milimita 24, kubwa milimita 60, yaani mara mbili na nusu. Eneo la mdomo basi ni mara 6 na robo, na ukali wa pale katikati, unaopimwa kwa kandela, hufuata eneo hilo. Someni boksi: ndogo kandela 6,400, kubwa kandela 40,000. Ukitaka umbali ambao mwanga unafika, tafuta kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa 2. Ndogo mita 160, kubwa mita 400. Hivyo ndivyo ANSI FL1, kiwango cha kupimia tochi, kinavyohesabu, na hesabu inaishia pale mwanga unapobaki robo ya luksi (kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa hiyo msitegemee kumtambua mtu sura kwenye mita 400. Mimi namba hiyo naikata nusu, maana kwa nusu ya umbali mwanga ni mara 4.

Sasa kina cha bakuli, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu watu wengi wanapaelewa vibaya. Ule mwanga hafifu unaozunguka doa haujagusa bakuli hata kidogo. Umetoka kwenye LED moja kwa moja ukapita mdomoni, na ukingo wa bakuli ndio unaoukata. Tazameni: nazungushia karatasi nyeusi kwenye mdomo wa tochi ndogo, nimefanya kama bomba fupi. Mmeona? Mwanga wa pembeni umekatwa, doa la katikati liko vilevile. Karatasi lakini inaupoteza huo mwanga. Bakuli lenye kina kirefu linaudaka na kuusukuma mbele, uongeze nguvu ya doa. Bakuli la kina kifupi linauachia utanuke.

Ndiyo maana kwa kutembea usiku nachukua ndogo bila kusita. Ukishika ile kubwa unauona mti ulioko mbali kabisa, na shimo lililo mbele ya mguu wako hulioni.

Kidogo kuhusu uso wa bakuli. Kubwa ni laini kabisa, ndogo ina vipele kama ganda la chungwa. Vipele vinapunguza umbali kidogo, lakini vinafuta zile pete pete na mabaka ya rangi ukutani. Kwa matumizi ya karibu, mimi napenda vipele.

Kabla hujanunua, fanya jaribio hili. Tochi ikiwa imezimwa, itazame mdomoni, kisha isogeze mbali na jicho polepole. Ile njano ya LED inatanuka ndani ya bakuli. Hii ndogo, mkono ukinyooka, bakuli limejaa njano lote. Kubwa inabidi usimame hatua kadhaa nyuma, nayo inajaa vizuri.

Linganisheni na hii ya tatu, ambayo jina lake sitalitaja. Njano imeelemea upande mmoja, na ukutani doa limekuwa kama yai. Nimefungua kichwa nikakuta ile pete nyeupe ya plastiki inayoishika LED katikati imekaa upande. Nimeikalisha sawa, nikakaza. Haya, nawasha… doa limekuwa duara, lakini katikati mnaona kivuli kama tundu? LED imekaa nyuma ya fokasi, pengine kwa chini ya milimita moja tu. Inahitaji pete nyembamba zaidi ili bakuli lishuke na LED iingie ndani kidogo, na ndani ya boksi hawakuweka nyingine. Hii narudisha.