Gemu za Upelelezi: Ipi Ununue Kama Unachotaka ni Mahojiano

Malalamiko ninayoletewa kuhusu gemu za upelelezi yanafanana mno. Mchezaji amekaa mbele ya mshukiwa, amemtazama usoni, ameona kabisa kwamba huyu mtu anaficha jambo. Anabonyeza kitufe cha kumbana. Mpelelezi anafoka, mshukiwa anakasirika, na gemu inaandika kosa. Kosa lipi? Haambiwi. Kesi inasonga mbele na yeye anabaki na dukuduku lake. Wengi wanaoniandikia hivyo walinunua L.A. Noire, na wanataka kujua kama kuna gemu ya mahojiano isiyomfanyia mtu hivyo.

Zipo. Ila lazima ujue cha kutazama kabla hujalipa, maana kurasa za maduka hazikuambii. Picha, urefu wa hadithi na ukubwa wa mji nayaacha. Hayo utayaona mwenyewe kwenye video ya dakika mbili. Ninachopima hapa ni kimoja tu: ukijibu vibaya, inakuwaje? Unaelewa ulipokosea? Unaweza kurudia swali lilelile, au unarudishwa mwanzo wa kesi? Gemu inaweza kuwa ngumu sana na bado ikakutendea haki, mradi kosa lako likufundishe kitu. Na inaweza kuwa nyepesi ikakuudhi mpaka uizime.

L.A. Noire: ya nne, lakini ndiyo tunayoanza nayo

Team Bondi ndio walioitengeneza, Rockstar Games wakaitoa mwaka 2011. Ni Los Angeles ya 1947, nawe ni Cole Phelps, askari aliyetoka vitani anayepanda cheo idara kwa idara. Nyuso za waigizaji zilirekodiwa kwa MotionScan, mfumo wa kamera 32, na matokeo yake bado yanavutia: koo linalomeza mate, jicho linalokwepa, tabasamu linalochelewa kufika. Miili ilirekodiwa kando, kwa hiyo mara nyingine kichwa na mabega haviendi pamoja. Hilo nalisamehe. Nyuso zinafanya kazi yake.

Nisichokisamehe ni kinachotokea kidole kikishabonyeza. Toleo la 2011 lina njia tatu: kumwamini mtu, kumtilia shaka, au kumwambia ni mwongo na kumwekea ushahidi mezani. Mchezaji anayechagua shaka anategemea swali la kumchokonoa mtu taratibu. Phelps naye anaweza kumlipukia mtu ambaye amefiwa jana. Toleo la 2017, la konsoli za PS4, Xbox One na Switch, lilibadilisha maandishi ya vitufe yakawa askari mpole, askari mkali na kushutumu. Sauti ni zilezile za zamani, lakini angalau sasa unajua unachokiagiza. Kwa sababu hiyo peke yake, kama una konsoli, usinunue la 2011.

Chukua kesi ya The Fallen Idol. Jessica Hamilton ni msichana wa miaka 15, amelazwa hospitalini baada ya gari alilokuwamo kuporomoka bondeni. Kati ya vitu ulivyookota eneo la ajali kuna barua kutoka kwa mama yake, na barua hiyo inaeleza mengi kuhusu jinsi alivyoondoka nyumbani. Sasa yuko kitandani, amedhoofika, anakujibu kwa sauti ya chini. Ukimkalia juu bila kutumia barua, unamfokea mtoto mgonjwa na hupati kitu. Ukiikumbuka barua, anafunguka. Hapo gemu hii iko kwenye ubora wake: jibu lilikuwa mkononi mwako, ulitakiwa kuunganisha tu. Lakini je, aliyekosea anajuaje kwamba jibu lilikuwa barua? Anasikia muziki unaoshuka, anaona alama ya kosa kwenye daftari la Phelps, basi. Hakuna kauli inayomrudisha kwenye ushahidi aliousahau. Hakuna nafasi ya pili.

Na kurudia ndiyo adhabu yenyewe. Kesi ikiisha unapewa ripoti yenye nyota, tano zikiwa za juu, na hesabu ya maswali uliyopata. Ukitaka kusahihisha swali moja, unafungua orodha ya kesi na kuanza kesi nzima upya: maiti ileile, chupa zilezile za kugeuzageuza mkononi, mazungumzo yaleyale garini. Wachezaji wengi wameishia kukimbilia menyu kuu mara tu wanaposikia ule muziki wa kosa, ili warudi pale gemu ilipojisevu mara ya mwisho. Gemu inayomfundisha mchezaji kukimbia haijapangwa vizuri. Kuna pointi za kusaidia, zinazoweza kuondoa jibu moja lisilo sahihi, lakini ni chache na zenyewe hazikuelezi sababu.

Ndiyo maana watu wanabishana kuhusu ugumu wake na kila upande una haki. Wapo wanaosema ni rahisi mno, kwa kuwa hata ukivuruga mahojiano hadithi inakusogeza mbele. Wapo wanaosema ni ngumu kupita kiasi, kwa kuwa nyota tano zinadai karibu kila jibu. Wote wameicheza gemu ileile.

Kama unaimiliki tayari, kuna mbinu moja itakayokuokoa. Unapohisi uongo, chagua kushutumu hata kama huna hakika, kisha msikilize mtu anavyojitetea. Mara nyingi maneno yake yenyewe yanakudokeza ni ushahidi upi anaouogopa. Ukiona huna wa kumjibu, unaruhusiwa kurudi nyuma na kuchagua njia nyingine bila kuadhibiwa. Gemu hailitilii mkazo jambo hili, na ndilo linalotofautisha nyota mbili na nyota tano.

Ya kwanza: Capcom, na sioni aibu kusema

Phoenix Wright: Ace Attorney Trilogy, ya kampuni ya Capcom, ambamo wewe ni wakili wa utetezi. Nimeipendekeza kwa watu wengi na nitaendelea kuipendekeza. Ni gemu tatu zilizotoka kwanza kwenye Game Boy Advance nchini Japani miaka ya 2001, 2002 na 2004, zikiongozwa na Shu Takumi, na tangu 2019 zinauzwa kwa pamoja kwenye PS4, Xbox One, Switch na kompyuta. Picha ni za kuchorwa, watu wanasimama tu na kupunga mikono. Usizidharau. Katika kumhoji mtu hakuna wanaowafikia.

Kesi ya kwanza kabisa inakuonyesha muuaji kabla hujagusa kitufe. Anaitwa Frank Sahwit, anapanda kizimbani kama shahidi na kusema alikuta maiti saa saba mchana. Ripoti ya daktari uliyonayo inasema mtu alikufa baada ya saa kumi jioni. Ushuhuda wake umekatwa vipande vipande, unapita mbele yako mstari mmoja mmoja. Kila mstari unaweza kuubana ili aongeze maneno, na kuubana huku kwa kawaida hakukugharimu chochote. Ukifika kwenye mstari wa saa, unamtolea ile ripoti. Anatetemeka, anabadilisha maelezo, sasa anadai alisikia saa kwenye televisheni, na unaanza kumbana tena juu ya hilo.

Angalia kinachotokea ukikosea. Kwenye gemu ya kwanza unapoteza alama moja kati ya tano, jaji anakuuliza ushahidi huo unahusiana vipi na alichosema shahidi, mwendesha mashtaka anakusuta, na baada ya hapo ushuhuda unaanza tena palepale. Hujatupwa nje. Unajua mstari ule na ushahidi ule haviendani, na unaendelea kufikiri. Katika matoleo ya sasa unaweza kusevu kabla ya kutoa ushahidi, kwa hiyo hofu ya kupoteza kesi nzima inakwisha.

Upungufu upo. Mara kwa mara, hasa kwenye gemu ya pili, utakuwa umeshaujua ukweli lakini gemu inataka uutoe kwenye mstari mmoja mahususi kwa kitu kimoja mahususi, na hata hoja yako nzuri itahesabiwa kosa. Hilo linaudhi. Hata hivyo unakosea ukiwa umesimama palepale, nusu dakika baadaye umejaribu tena.

Kuna anayesema hii ni mahakama, si chumba cha polisi. Sawa, lakini kazi ni ileile ya kumkabili mtu anayedanganya kwa kutumia maneno yake mwenyewe. Kuanzia gemu ya pili kuna pia mahojiano ya nje ya mahakama, ambapo siri ya mtu inaonekana kama kufuli zinazovunjwa moja baada ya nyingine kwa ushahidi. Na kama mtu unayemnunulia hapendi ugumu kabisa, mtafutie The Great Ace Attorney Chronicles ya 2021: ina hali ya hadithi ambayo gemu inajiendesha yenyewe hata kwenye kuhoji.

Ya pili: Disco Elysium

Nunua The Final Cut, toleo la 2021 lenye sauti za waigizaji karibu kila mahali. Wewe ni polisi aliyeamka bila kumbukumbu katika mji wa Revachol, na kuna mtu ameninginizwa mtini nyuma ya hosteli. Kila jambo gumu unalotaka kumwambia mtu linaamuliwa kwa kete mbili pamoja na uwezo wako, na uwezekano wa kufaulu unauona kwa asilimia kabla hujachagua. Hapo tu imeshaizidi L.A. Noire. Majaribio hayo ni ya rangi mbili: jeupe ulilokosa linafunguka tena ukiongeza ujuzi au ukigundua jambo jipya; jekundu ni mara moja tu, na unaonywa mapema. Kukosa nako kunaleta mazungumzo ambayo aliyefaulu hayaoni, na mengine ni bora kuliko ya kufaulu.

Kwa nini si ya kwanza? Kete ni kete. Unaweza kuwa umemsoma mtu sawasawa na namba zikakukatalia. Pia ni maandishi zaidi ya maneno milioni moja, kwa Kiingereza cha mafumbo mengi, na asiyependa kusoma atachoka siku ya kwanza.

Ya tatu: Sherlock Holmes: Crimes & Punishments

Ya Frogwares wa Ukraine, mwaka 2014, kesi sita. Hapa unamtazama mtu kuanzia kola mpaka viatu kabla ya kumhoji, unakusanya hoja, unaziunganisha, na unaweza kumhukumu asiye na hatia bila gemu kukuzuia. Kisha, kesi ikiisha, unaamua mwenyewe kama unataka kufunuliwa iwapo ulikuwa sahihi, na unaweza kurudia uamuzi wa mwisho bila kucheza kesi yote. Heshima ya namna hiyo ni adimu. Kinachoishusha ni kwamba mahojiano yenyewe ni mepesi: unauliza kila kilichoorodheshwa, na mara chache unakatiza kwa kubonyeza kwa wakati. Akili inafanya kazi baada ya mazungumzo, si ndani yake.

Za bei ya chini

Her Story ya Sam Barlow, 2015: unatafuta maneno kwenye hifadhi ya video za mwanamke aliyehojiwa na polisi mwaka 1994. Nzuri, lakini humhoji wewe. Contradiction ya Tim Follin, mwaka huohuo, ina waigizaji halisi na unaoanisha kauli mbili za mtu mmoja zinazopingana. Ndogo, safi, inunue.

Kabla ya kulipa

Sasa wauzaji. Gemu yoyote yenye koti refu na kioo cha kukuzia inabandikwa lebo ya upelelezi, hata kama kazi yako ndani yake ni kufyatua risasi na kufuata mshale. Video za matangazo zinaonyesha uso wa mshukiwa ukitoa jasho na kukata hapohapo, kabla hujaona jibu baya linafanya nini. Na L.A. Noire ilivyouzwa mwaka 2011 inaniudhi mpaka leo: baadhi ya kesi zilifanywa zawadi za kuagiza mapema, zikagawanywa kati ya maduka tofauti, hivyo aliyeagiza duka moja hakupata kesi ya duka jingine mpaka alipozinunua kando baadaye. Unamuuzia mtu kazi ya kutafuta ushahidi, kisha unaficha kesi zenyewe. Toleo la 2017 linazo zote. Lile la kofia ya VR (uhalisia pepe) lina kesi saba tu, kwa hiyo usidhani ndilo kamili kwa kuwa ni jipya zaidi. La kompyuta lina vitufe vya zamani na limefungiwa fremu (picha) 30 kwa sekunde. Gemu zote nilizozitaja ni za umri mkubwa zinazopunguzwa bei mara kwa mara, na hakuna sababu ya kuzilipia bei kamili.

Ukinunua kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa 2. Zitumie saa hizo kukosea kwa makusudi. Mtukane shahidi, toa ushahidi usiohusika, uone kama gemu inakujibu au inakuandikia alama na kunyamaza. Kwenye PlayStation Store, ukishaanza kupakua, nafasi hiyo kwa kawaida imekwisha. Tazama kwanza video ya mtu anayeicheza, na utafute hasa sehemu aliyokosea.