Kuuza korosho kupitia AMCOS, Tandahimba: nyota 4 kati ya 5

Watu wananitumia meseji kuuliza kama kuuza korosho kupitia AMCOS, yani chama cha ushirika cha wakulima, kunalipa au bora umalizane na kangomba, mnunuzi asiye rasmi, mlangoni kwako, sasa naandika mara moja anayetaka asome. Mimi niko wilaya ya Tandahimba, mkoa wa Mtwara. Jina la chama chetu siliweki, kuna mazuri na kuna mabaya nitayasema na viongozi wenyewe tunaishi nao kijiji kimoja. Nimewapa nyota nne.

Nianze na mzani maana hapo ndo panaponipa imani. Ukifika ghalani na gunia lako kabla ya kupimwa kuna kijana anachota korosho juu, katikati na chini ya gunia, anazitikisa kiganjani anasikiliza, kavu zinalia, zenye unyevu hazilii, af anakata chache katikati anaangalia kiini kama cheupe au kina madoa. Zikiwa bado anakwambia kaanike, na haangalii wewe ni nani, msimu uliopita nimeona kabisa magunia ya mjumbe wa bodi yakirudishwa nje, korosho zikamwagwa kwenye turubai watu wote wanaona na yeye mwenyewe akashika reki akaanza kuzitandaza. Zikipita zinapanda mzani wa digitali, namba unaziona wewe, anaziona karani, anaziona na aliye nyuma yako kwenye foleni, unaandikiwa jina, kilo na daraja unaondoka na karatasi yako. Kangomba anakuja na bakuli lake na bei yake, bakuli limebonyezwa au halijabonyezwa anajua yeye, na anakuja mwezi wa njaa akijua kabisa ndani huna unga.

Kuna wanaolalamika ukaguzi ni mkali mno. Wakulungwa, korosho zako zikishaingia ghalani haziuzwi kwa jina lako, zinaunganishwa na za wenzio zinakuwa loti moja inayopelekwa mnadani, mnunuzi anapima ubora wa loti yote. Mmoja akichanganya za mwaka jana au akiweka mawe chini ya gunia, bei inayoshuka inashuka kwa mama mwenye gunia mbili ambaye ameanika vizuri mwezi mzima. Na kwenye shamba ni hivohivo, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye mikorosho, unabebwa na upepo, ukiacha mikorosho yako pori bila dawa ya salfa unamharibia jirani maua hata kama hujawahi kukanyaga kwake. Mkorosho wako ni wako, sawa, ila ugonjwa wake sio wako peke yako na hapo mimi sina huruma na mtu anayesema tusimwingilie.

Sasa kwenye ule ubishi mkubwa, kwamba kwanini nilazimishwe kuuza sehemu moja wakati mali ni yangu. Hoja ina uzito na wanaoikejeli wanakosea. Katiba yetu ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama, na kwenye sheria ya ushirika ya 2013 uanachama ni wa hiari, lakini korosho hata usiyekuwa mwanachama utazipitisha kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, yani unaweka mali ghalani unapewa karatasi na mali inauzwa mnadani. Na wazee wa huku wana sababu ya kuwa na wasiwasi na neno "pamoja". Miaka ya sabini walihamishwa kupelekwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki kule mahameni mbali hakuna wa kupalilia, bei aliyolipwa mkulima ikawa ndogo, ubwiriunga nao ukaja, na ushirika wenyewe serikali ikauvunja 1976. Nchi ilikuwa inatoa tani kama 145,000 msimu wa 1973/74, kufika 1986/87 hazifiki hata 20,000. Mzee mmoja hapa kijijini anakuonyesha kwa kidole upande ule shamba la baba yake lilipokuwa, vichaka vitupu. Ukimwambia mzee kama huyo habari za manufaa ya wengi lazima kwanza akuulize nani ameamua.

Af tukaenda upande wa pili, miaka ya tisini soko likaachiwa, kila mtu anauza anapotaka kwa anayemtaka. Mwenye gari na hela taslimu ndo alikuwa huru, mwenye gunia tatu na mtoto anadaiwa sare ya shule alikuwa anasikia bei tu. Ndo mwaka 2007 stakabadhi ghalani ikaanza kwenye korosho huku Mtwara, na haikuanza kwa raha, malipo yalisumbua sana, Liwale kule Lindi mwezi wa nne 2013 mpaka nyumba za watu zilichomwa kwa hasira za malipo ya korosho. Kwahiyo hakuna anayeweza kuniambia mfumo huu ni mtakatifu.

Kwa hiyo mbona nawapa nne? Kwa sababu ya mnada. Mkulima mmoja mmoja hakatai bei, anakataaje na njaa iko mlangoni, ila tukiwa na tani mia kadhaa ghalani kwa pamoja tunakataa na mnunuzi anarudi na bei nyingine. Oktoba 2018 wakulima wa huku walikataa bei mnadani nchi nzima ikasikia, mwezi uliofuata Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likaja kubeba. Yaliyofuata, ule uhakiki wa wakulima na malipo kuchelewa, yaliumiza watu, siyafichi, ila ile nguvu ya kusema hapana ilionekana. Msimu wa 2024/25 minada ikahamia kwenye mfumo wa TMX, yani Soko la Bidhaa Tanzania, wanunuzi wanaweka bei kwenye kompyuta na sisi tunaziona kwenye skrini, bei zikafunguka juu ya 4,000. Siku ya mnada uwanja unajaa, kina mama na kanga zao mbele kabisa, bei zikisomwa anaulizwa mkulima mmeridhika hamjaridhika, na mikono inayopanda ni ya mwenye hekari moja na mwenye hekari hamsini. Hapo ndo nimekubali kubanwa niuzie ghalani tu. Siku wakiondoa lile swali la mmeridhika na mimi nitakuwa upande wa wanaotaka kuuza wapendapo, na nitasema hadharani.

Makato nayo watu wanayasema sana. Ushuru wa halmashauri asilimia 3, usafiri, magunia, chama kikuu kinachounganisha vyama vya msingi kama chetu, vyote vimo. Kwetu mkutano mkuu ulipitisha tena tukatwe kidogo kila kilo tujenge madarasa, wapo waliopinga na wakapewa nafasi wakaongea mpaka wakamaliza, kura ikapigwa wakashindwa, na madarasa yamesimama na watoto wa waliopinga wanasoma mle. Mimi hilo kato nalilipa kwa moyo mweupe kabisa.

Nyota niliyoizuia ni ya malipo. Mnada unapita, mnunuzi analipa, hela inakaa huko juu sijui kwa nani, chama kinasema subirini, benki inasema haijaingia, kila ofisi inakuelekeza ofisi nyingine. Jirani yangu mjane amesubiri mpaka akakopa kwa kangomba yuleyule aliyemkataa miezi mitatu nyuma, na kwa riba ya korosho za msimu unaokuja. Yani uhuru wote wa kukataa bei mbaya mnadani mama yule kaupoteza kwa kusubiri meseji ya benki. Hili wala halihitaji sheria mpya. Wabandike ukutani pale ghalani kila loti imeuzwa lini, mnunuzi kalipa lini, hela imetoka chama kikuu lini, tujue imekwama kwa nani tumfuate. Na ule mfuko wa kukopeshana tulioupitisha kwenye mkutano uanze kufanya kazi mwezi wa kwanza na wa pili wakati watu hawana kitu ndani, kangomba hamumshindi kwa kumkamata tu wakati hela anayo yeye peke yake.

Kwa anayetaka kupeleka msimu huu: anika mpaka zilie, usitumie mifuko ya salfeti, ile ya plastiki, maana watakurudisha, simama karibu na mzani usome namba mwenyewe kabla karani hajaandika, na karatasi yako ipige picha palepale. Mkutano mkuu wakiutangaza nenda hata kama unapalilia, makato ya msimu mzima yanaamuliwa siku ile na wasiokuja wanayasikia kwenye malipo.