Kibano cha kucha cha kutolea kioo cha saa: baada ya kubadilisha vioo sita

Nilinunua kibano hiki kwa ajili ya saa moja tu. Ni saa ya mama yangu, ya kutia ufunguo, ya miaka ya 1960, aliyoivaa miaka yote ya kazi yake ya uuguzi. Alikuwa akishika kifundo cha mkono wa mgonjwa kwa vidole viwili, macho kayatuliza kwenye mshale wa sekunde, midomo ikihesabu bila sauti. Sasa amestaafu, na saa bado inakwenda. Siku aliyonikabidhi alisema, "Mwanangu, mashine naisikia, inapiga vizuri. Ila mishale siioni, naona ukungu tu."

Kioo kilikuwa kimegeuka manjano, mikwaruzo imepandana, na ufa mmoja umeanzia ukingoni karibu na namba 4 ukafika katikati. Ingekuwa mikwaruzo mitupu ningeisugua. PolyWatch, ile dawa ya kung'arishia vioo vya plastiki, inafuta mikwaruzo midogo kwa dakika chache za kusugua, na ukitanguliza msasa wa maji namba 1000 kisha 2000, hata ile ya kina inaisha. Lakini ufa hausuguliki, na umanjano uliokwisha kuzama ndani ya plastiki hautoki. Hapo ni kubadilisha.

Nasema plastiki kwa makusudi. Tukisikia "kioo cha saa" tunafikiri ni glasi, kumbe saa nyingi za zamani zina akriliki. Omega huiita Hesalite, na ndiyo iliyokuwa kwenye saa zao za Speedmaster zilizofika mwezini mwaka 1969. Akriliki inakwaruzika upesi, lakini ikipigwa haimwagi vigae vyenye ncha juu ya mishale. Tena ina tabia moja ambayo bila hiyo kibano hiki kisingekuwa na kazi: inapinda. Glasi haipindi. Yakuti ya kutengenezwa kiwandani, inayowekwa kwenye saa nyingi za siku hizi, nayo haipindi, ingawa ni ngumu kiasi cha kufikia 9 kwenye kipimo cha Mohs, ambako almasi ni 10. Ukivibana vioo hivyo kwa kibano cha kucha, ama kucha zitateleza ama kioo kitavunjika mbele ya macho yako. Mimi hugonga kioo taratibu kwa ukucha kabla ya lolote. Glasi inatoa mlio mkali, akriliki inatoa mlio mzito uliofifia, na ukiigusiza mdomoni haina ule ubaridi wa glasi.

Kibano chenyewe kinaenea kiganjani. Changu hakina jina la kiwanda. Juu kina gurudumu la kuzungusha, na chini kina miguu mingi myembamba ya chuma iliyojipanga duara, kila mmoja ncha yake imepinda kuingia ndani kama ukucha wa paka. Ukizungusha upande mmoja miguu inasogeleana, ukirudisha inaachana. Basi. Hakina umeme wala vipuri vya kubadilisha, na jambo kubwa nililolipenda ni kwamba kioo kinatolewa kwa juu, bila kufungua mgongo wa saa na bila kuitoa mashine. Kwa saa ambazo kasha lake ni kipande kimoja, zisizo na mgongo wa kufunguka, huu ndio mlango wenyewe: kioo kinatoka kwanza, kisha mashine inafuata kwa mbele.

Kazi inavyokwenda ni hivi. Unakiweka juu ya saa, kucha zikae pale ukingo wa kioo unapoingia kwenye pete ya kasha. Unazungusha robo, unasimama, unatazama. Mimi huwasha taa upande mmoja ili mwanga wake uonekane juu ya kioo, maana huo mwanga ndio unaokwambia kinachoendelea. Kioo kikianza kubanwa kinatuna katikati, na ile alama ya mwanga inajikusanya, inakuwa ndogo, kisha inasogea. Kikituna, kipenyo chake kinapungua kwa sehemu ndogo sana ya milimita, nacho kinaachia mfereji wake. Unainua wima, mkono usitetemeke. Kioo cha Mama kilitoka baada ya robo tatu ya mzunguko. Kiliachia kwa mlio mdogo, "tik", nikauona uso wa saa ile kama ulivyo kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ni wa rangi ya fedha. Miaka yote nilidhani ni wa manjano.

Kabla sijafika hapo nilikuwa nimeukagua uso huo kwa kikuzio, kwa sababu ya jambo moja ambalo naomba asilipuuze mtu. Saa nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yenye mionzi ya hatari, ili zing'ae gizani. Rangi hiyo huenda haing'ai tena, lakini radiamu yenyewe bado ipo, maana inachukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Ikizeeka inamomonyoka na kuwa vumbi, na kioo ndicho kinacholizuia vumbi hilo lisikufikie puani. Ukiona nukta zilizogeuka kahawia kwenye namba au mishale ya saa ya umri huo, usiifungue mezani unapolia chakula. Mpelekee fundi mwenye vifaa. Saa ya Mama haina nukta hata moja, ndiyo maana niliendelea.

Sasa kipimo. Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima, na hapa ndipo sifa au lawama ya kibano hiki inapoamuliwa. Nilichukua kalipa, kile kifaa cha kupimia upana hadi sehemu za kumi za milimita, nikapima kioo cha zamani nilichokitoa: milimita 29.9. Nikaagiza cha 29.9. Kilipofika nikakibana, nikakikalisha, nikaachia. Kilikaa vizuri kwa macho, lakini nilipokisukuma pembeni kwa ncha ya kidole kikazunguka chote kama kifuniko cha chupa. Nilikilaumu kibano. Nilidhani hakibani sawasawa. Kumbe akriliki ikizeeka husinyaa kidogo, na kioo cha zamani hakiwezi kuwa shahidi wa kipimo chake cha ujana. Kinachopimwa ni tundu la kasha, pale kioo kinapokaa. Tundu lilikuwa 30.0. Kioo kipya kinatakiwa kizidi tundu kidogo, kati ya sehemu 1 na 3 za kumi za milimita, ili kikishaingia kisukume kuta za pete muda wote. Hakuna gundi hapo. Kinachokishika ni huko kusukuma tu.

Nikaagiza 30.2 kwa muuzaji wa bei nafuu. Pakiti imeandikwa 30.2, kalipa ikasema 30.0. Nikapima mara nne nikiigeuza kila upande, 30.0. Nilikirudisha, na jibu nililopata ni kwamba tofauti ndogo kama hiyo haidhuru. Inadhuru. Kwa kioo cha saa sehemu mbili za kumi ndizo kila kitu. Cha tatu nilikichukua kwenye vioo vya Sternkreuz, Wajerumani wanaovipanga kwa sehemu za kumi za milimita, na kipimo kilikuwa kama kilivyoandikwa. Tangu hapo sifungui pakiti bila kalipa mkononi.

Kuna na urefu wa kwenda juu. Kioo bapa kupita kiasi kitagusa mshale wa sekunde, na saa itasimama ukidhani mashine imekufa. Fundi mmoja mzee alinionyesha njia ambayo nimeitumia kwa vioo vyote sita: bandika chembe ya Rodico, ule udongo laini wa kunata wa mafundi saa, juu kabisa pale mishale inapokutana. Weka kioo juu yake bila kukibana, kiinue, tazama. Chembe ikiwa imebonyea, kioo hakifai. Kisha uitoe hiyo chembe kwa uangalifu uleule ulioiwekea.

Kukalisha kioo kipya kwa kibano hiki ndiko kunakonipa raha hasa. Unakibana kikiwa nje hadi kitune kidogo, unakiteremsha kwenye mfereji kikiwa sawa pande zote, halafu unaachia polepole mno, robo kwa robo. Ukiachia haraka upande mmoja unatangulia na kioo kinakaa mshazari. Kabla ya hapo osha kioo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, si kwa spiriti, kwa sababu akriliki iliyo chini ya mkazo ikikutana na spiriti inaweza kutoa nyufa nyembamba kama nywele. Puliza vumbi kwa pampu ya mpira, usitumie mdomo. Na ukishakipangusa kwa kitambaa kikavu ujue umekitia umeme wa msuguano, kitavuta kila unyuzi uliopo mezani. Kioo cha Mama nilikitoa tena mara mbili kwa sababu ya unyuzi mmoja karibu na namba 9. Kibano kilivumilia, kioo nacho kilivumilia.

Kasoro zipo. Ukucha mmoja wa changu ulitoka kiwandani na ncha isiyolainishwa, ukachora mstari kwenye ukingo wa kioo cha pili. Nilizilainisha ncha zote kwa msasa mwembamba, mguu mmoja mmoja, kazi ya nusu saa ambayo haikustahili kuwa yangu. Ukipokea cha kwako, pitisha kipande cha soksi ya nailoni juu ya kila ncha: ikinasa, ilainishe kabla haijagusa saa ya mtu. Pia gurudumu halina alama yoyote ya kukwambia umebana kiasi gani. Kioo cha nne, cha saa ya rafiki yangu, nilikibana kupita mahali pake, kikatoa nyufa za utando palepale mkononi. Nilimnunulia kingine. Niliwahi kushika kibano cha Bergeon, wale wa Le Locle kule Uswisi, kwa fundi huyohuyo mzee. Kucha zake zinafika kwenye kioo zote kwa pamoja, kama zimeambiana. Changu kuna mbili zinazochelewa, na inabidi nikizungushe kidogo ili mkazo ugawanyike.

Lakini kasoro kubwa zaidi si ya kibano. Ni ya wauzaji wanaokiuza kana kwamba kinafaa kwa kila saa. Kuna vioo vya akriliki vyenye pete ya chuma ndani, ile inayong'aa ukitazama kwa pembeni, na pete hiyo inasukuma plastiki kuelekea nje. Vioo hivyo havikaliki kwa kucha. Vinataka mashine ya kusindikia yenye vikombe viwili, kimoja kinakandamiza kuba ya kioo na kingine kinashika kasha kwa chini. Nilijaribu mara moja kwa ukaidi, pete ikaruka kwenda upande mmoja na kioo upande mwingine. Na usikimbilie gundi ya papo kwa papo kuokoa kioo kilicholegea. Mvuke wake huganda ndani kama umande mweupe, juu ya kioo na juu ya uso wa saa, na kwenye uso wa zamani huo hautoki bila kuondoka na rangi.

Kwa hiyo, kama una saa ya zamani yenye akriliki ya kawaida isiyo na pete, na una kalipa, nunua kibano hiki kwa moyo mweupe. Kama huna kalipa, anza na kalipa. Usitegemee kwamba saa itakuwa haiingii maji baada ya hapo, mimi nimemkataza Mama kuoshea vyombo akiwa ameivaa, na yeye amenijibu kwamba hajawahi.

Nilipompelekea aliivaa bila kusema kitu, akaipeleka karibu na dirisha. Kisha akanishika kifundo cha mkono, vidole viwili, macho kwenye mshale wa sekunde. Nusu dakika nzima hakupepesa. "Sabini na mbili," akasema, halafu akaniuliza kama ninaweza na ya shoga yake waliyekuwa zamu moja, nayo imepasuka kioo. Nimeiona. Ina pete ya chuma ndani. Natafuta mashine ya kusindikia.